Dione ni Binti wa Nani?

Katika shairi refu la Iliad, Dione anaonekana mara moja tu, kwenye kitabu cha 5, na haonekani tena mpaka shairi linakwisha. Vita vya Troia vimepamba moto. Aphrodite, mungu wa mapenzi, ameshuka uwanjani kumnusuru mwanawe Aeneas, na Diomedes, shujaa wa Kigiriki, anamchoma mkuki mkononi, karibu na kiganja. Aphrodite anapiga ukelele, anamwachia mwanawe, anaazima gari la farasi la Ares na kukimbilia juu Olympus. Huko anajitupa magotini pa mama yake, na mama huyo ndiye Dione. Anamkumbatia, anampapasa, anamuuliza nani kakutenda hivi, kisha anampoza kwa kumsimulia miungu mingine iliyowahi kuumizwa na watu wa duniani: Ares aliyefungiwa ndani ya chungu cha shaba kwa miezi 13, Hera aliyepigwa mshale kifuani, na Hades aliyepigwa mshale pia. Akimaliza anaifuta damu kwa mikono yake, na jeraha linapona.

Homer, mtunzi wa Iliad, hasemi Dione mwenyewe alizaliwa na nani. Ni ukimya wa kushangaza katika shairi ambalo mara nyingi hata askari anayetajwa ili auawe hutajiwa kwanza baba yake na kwao ni wapi. Tunachokijua ni kwamba ni mama wa Aphrodite, na kwa kuwa Aphrodite wa Homer ni binti wa Zeus, basi Dione alizaa na Zeus. Waliokuja baadaye ndio walioanza kumtafutia wazazi, na kila mmoja akaja na jibu lake.

Hesiod, aliyetunga Theogonia mnamo 700 KK, anamweka miongoni mwa mabinti wa Okeanos, ule mto mkuu unaoizunguka dunia, na mkewe Tethys. Mabinti hao ni wengi mno. Mwenyewe anasema wanafika 3,000, na anawataja wachache tu. Dione yumo ndani ya orodha, jina tupu, bila mume wala mtoto. Aphrodite hahusiani naye kwa lolote, maana kwa Hesiod Aphrodite hana mama kabisa: Kronos alimhasi baba yake Uranos, akakitupa baharini alichokikata, povu likakizunguka, na ndani ya povu hilo akakua msichana aliyechukuliwa na maji kupita Kythera hadi Kupro. Hata hivyo, mwanzoni mwa shairi hilohilo, Hesiod anapoorodhesha miungu inayosifiwa na Muse katika nyimbo zao, Dione anatajwa pamoja na Zeus, Hera, Athena, Apollo na Aphrodite. Pale yuko na wakuu. Mistari mia tatu na ushei mbele amekuwa mmoja wa mabinti elfu tatu.

Kuna kitabu kingine cha visa vya miungu, kilichoandikwa katika karne ya 1 au ya 2 BK na mtu tuliyezoea kumwita Apollodorus. Ukikisoma sambamba na Hesiod utaona jambo. Hesiod ana Watitani 12, watoto wa Uranos na Gaia: ndugu wa kiume sita na dada sita. Apollodorus naye ana wanaume sita, lakini wanawake wake ni saba, na aliyeongezwa ni Dione. Kwa hesabu hiyo Dione ni ndugu wa tumbo moja na Rhea, mama yake Zeus. Maana yake Zeus alizaa Aphrodite na mama yake mdogo, au mkubwa. Ukifungua sura inayofuata unakuta jina la Dione tena, safari hii kati ya mabinti wa Nereus, yule mzee wa baharini. Mwandishi hatoi maelezo yoyote. Anaendelea na orodha yake.

Hyginus, aliyeandika kwa Kilatini, ana Dione aliyezaliwa na Aetheri, yaani anga la juu, na Dunia. Kwingine katika kitabu hichohicho ana Dione binti wa Atlas, mke wa Tantalus na mama wa Pelops. Filo wa Byblos, aliyeeleza kwa Kigiriki habari za miungu ya Wafinisia, anasema Dione ni binti wa Uranos, na kwamba alikabidhiwa mji wa Byblos, ulioko leo Lebanoni. Na mstari mmoja uliosalia wa tamthilia ya Euripides iliyopotea unamfanya Dione kuwa mama wa Dionysus, mungu wa mvinyo, ambaye Wagiriki karibu wote walimjua kuwa mtoto wa Semele.

Baba watano, basi: Okeanos, Uranos, Nereus, Aetheri na Atlas. Mtu akikutana na hali hii huwa na haraka ya kusema Wagiriki walichanganyikiwa, au kwamba palikuwa na kina Dione wengi. Wenyewe wa kale waliijaribu njia hiyo ya pili. Katika Karamu ya Plato, mmoja wa wageni, jina lake Pausanias, anasema wako Aphrodite wawili: mkubwa, wa mbinguni, aliyezaliwa na Uranos bila mama, na mdogo, wa watu wote, binti wa Zeus na Dione. Kisha juu ya nasaba hizo mbili anajenga aina mbili za mapenzi, ya juu na ya chini, na ya chini ndiyo anayompa mtoto wa Dione. Karne tatu baadaye Cicero, mwandishi wa Kirumi, anawahesabu wanne, na binti wa Jupiter na Dione ni wa tatu. Njia hii ina kasoro moja kubwa: haina mwisho. Kila hadithi isiyoafikiana na nyingine inazaa mungu mpya, na mwisho tunabaki na orodha ya majina pacha ambayo hakuna Mgiriki aliyewahi kuyaabudu yote kwa pamoja. Tena mzigo huu alitwishwa Dione bila kosa: ile Iliad inayomwonyesha akimtibu mwanawe haina dalili yoyote kwamba Aphrodite wake ni wa daraja la chini.

Jibu bora analo mwanahistoria Herodotus. Anasema Homer na Hesiod waliishi si zaidi ya miaka 400 kabla yake, na kwamba wao ndio waliowapangia Wagiriki vizazi vya miungu, wakaipa majina ya sifa, heshima, kazi na sura. Huyu ni mtu wa karne ya 5 KK, na tayari anajua kwamba nasaba za miungu ni kazi ya washairi. Ugiriki haikuwa na kitabu kimoja kitakatifu wala baraza la makuhani la kuamua ipi sahihi. Mshairi aliyekuwa akipanga ulimwengu wake wote katika ukoo mmoja alilazimika kumpatia kila mungu mahali, na Dione alikuwa mgumu kumpangia kwa sababu alikuja kwa Hesiod akiwa tayari na jina kubwa lakini hana hadithi. Alikotoka na jina hilo ndiko kwa kumtafuta. Ni Dodona.

Dodona iko Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, katika bonde lililo chini ya mlima Tomaros, si mbali na mji wa Ioannina. Wagiriki waliamini hapo ndipo mahali pakongwe kuliko pote pa kuulizia kauli ya miungu. Kwa muda mrefu hapakuwa na hekalu. Palikuwa na mwaloni mahali pa wazi, na kando yake masufuria makubwa ya shaba juu ya vigoda vya miguu mitatu, na Zeus alisemekana kusema kupitia mti huo. Homer anapajua: Achilles anamwomba Zeus wa Dodona, ambaye wafasiri wake hulala chini na hawaoshi miguu.

Herodotus anatuachia majina ya makuhani watatu wa kike waliompa habari za Dodona: Promeneia, Timarete na Nikandra. Walimweleza kwamba njiwa wawili weusi waliruka kutoka Thebes ya Misri. Mmoja akaenda upande wa Libya, na huko yakaanzishwa maaguzi ya Ammon, ambayo ndiyo ya oasisi ya Siwa, leo magharibi mwa Misri. Wa pili akatua juu ya mwaloni wa Dodona, akasema kwa sauti ya mtu kwamba hapo pawe mahali pa kumuuliza Zeus. Herodotus anadhani hao njiwa walikuwa wanawake wa Kimisri waliotekwa na Wafinisia na kuuzwa, na kwamba weusi wa njiwa unaonyesha tu walikotoka. Hatuna ushahidi mwingine wa kuithibitisha hadithi hii. Ila msomaji wa Afrika anastahili kujua kwamba wanawake waliohudumu Dodona, walipojieleza asili yao, walielekeza kidole kwenye mto Nile.

Zeus wa Dodona hakukaa peke yake. Alikaa na Dione. Hili hatulijui kwa washairi. Tunalijua kwa watu wa kawaida waliokwenda kuuliza mambo yao. Swali liliandikwa kwenye kibao chembamba cha madini ya risasi, kidogo cha kuenea kiganjani, kisha kikakunjwa ili maandishi yabaki ndani. Konstantinos Karapanos alianza kuvifukua katika miaka ya 1870, wachimbuaji wa Kigiriki wakaendelea, na mwaka 2013 yakachapishwa maandishi zaidi ya 4,000. Mwaka 2023 UNESCO iliviingiza vibao hivi katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Mwanamume mmoja aitwaye Lysanias anawauliza Zeus Naios, ndivyo Zeus wa Dodona alivyoitwa, na Dione kama mimba aliyo nayo Annyla ni yake. Hermon anataka kujua amwelekee mungu gani ili apate kwa Kretaia watoto wa kumfaa, zaidi ya hao alio nao. Watu wa kisiwa cha Kerkyra, mji mzima, wanauliza watoe sadaka kwa mungu yupi au shujaa yupi ili wapatane. Wengine wanauliza kuhusu kuoa, kusafiri, kupotea kwa mali. Katika kibao baada ya kibao wanaoitwa ni wawili, Zeus Naios na Dione, kama wenyeji wawili wa nyumba moja. Hakuna anayemwita Dione binti wa Okeanos wala wa Uranos. Lysanias alikuwa na shaka juu ya baba wa mtoto, lakini hakuhitaji kujua baba wa mungu aliyemuuliza. Kilichompa Dione haki ya kuulizwa ni kiti alichokalia kando ya Zeus.

Na kiti hicho kilikuwa na uzito hata katika siasa. Baada ya mwaka 330 KK hivi, msemaji wa Athens aitwaye Hyperides alisimama mahakamani kumtetea mtu mmoja, na katikati ya hotuba akagusia ugomvi uliohusu sanamu ya Dione. Athens ilikuwa imepata agizo kutoka Dodona kuipamba sanamu hiyo. Wakaifanya kazi kwa moyo: wakatengeneza uso mpya na vitu vinavyoambatana nao, wakaandaa mapambo ya gharama, wakatuma ujumbe rasmi na sadaka. Olympias, mama wa Alexander Mkuu, akaandika barua za malalamiko, akidai kwamba nchi ya Molossia, ambamo hekalu limo, ni yake, na Athens haikuwa na ruhusa ya kugusa kitu. Mama wa mtawala mwenye nguvu kuliko wote duniani anagombana na mji wa Athens juu ya uso wa Dione. Ukikumbuka kwamba vitabu vingi vya hadithi za Kigiriki humpa Dione mstari mmoja, unaona ni kiasi gani tumemdhulumu. Sarafu za mfalme Pyrrhus wa Epirus, aliyekufa 272 KK, zinamwonyesha ameketi katika kiti cha enzi na fimbo mkononi. Za shirikisho la Epirus lililofuata zina vichwa viwili pamoja, cha Zeus na cha Dione.

Hapa ndipo wataalamu wengi wamesema: basi Dione ndiye mke wa kwanza wa Zeus, na Hera alikuja kumwondoa. Jina linawapa nguvu, maana limejengwa juu ya shina lilelile la jina la Zeus. Nadhani wamekaribia ukweli, lakini wamekwenda mbio. Mwaka 1952 Michael Ventris alifumbua mwandiko wa kale unaoitwa Linear B, na kwenye kibao kimoja cha udongo kutoka Pylos, cha mnamo 1200 KK, kuna orodha ya vyombo vya dhahabu na watu waliopelekwa kwenye maziara. Zeus anapewa chombo, na Hera yuko naye palepale. Kwingine katika orodha hiyohiyo kuna mungu wa kike aitwaye Diwia, mwenye ziara yake mwenyewe, naye jina lake limetoka kwenye shina la Zeus. Diwia na Dione si jina moja kamili, ila ni ndugu wa karibu. Maana yake ni kwamba miaka 500 kabla ya Hesiod Hera alikwisha kuwa na Zeus huko kusini. Hakuna mke aliyefukuzwa. Kilichopo ni sehemu mbalimbali za nchi, kila moja na desturi yake: Pylos ilikuwa na Zeus na Hera, Dodona ikawa na Zeus na Dione.

Wapo wanaotilia shaka hata ukongwe wa Dione hapo Dodona. Strabo, mwanajiografia aliyeandika wakati wa Augustus na Tiberius, anasema mwanzoni waliotoa kauli walikuwa wanaume, na kwamba wanawake watatu wazee waliteuliwa baada ya Dione naye kupewa nafasi katika hekalu la Zeus. Kwa maneno yake Dione ni mgeni. Lakini Strabo yuko mbali sana na mwanzo huo, na anaonekana kupatanisha makuhani wanaume wa Homer na makuhani wanawake wa Herodotus, akitafuta tukio la kuwaunganisha. Sioni sababu ya kumpa yeye neno la mwisho.

Hoja nzito zaidi ni ya Walter Burkert, mtaalamu wa dini ya Kigiriki. Yeye aliweka kile kisa cha kitabu cha 5 kando ya utenzi wa Gilgamesh wa Mesopotamia. Huko mungu wa mapenzi, Ishtar, anadhalilishwa na Gilgamesh. Anapanda mbinguni akilia kwa baba yake Anu na mama yake Antu. Baba anamjibu kwa upole wenye kumkemea kidogo. Katika Iliad Aphrodite anajeruhiwa, anapanda, anapokewa na mama, na Zeus anamwambia kwa tabasamu kwamba vita si kazi yake. Na jina la Antu limejengwa juu ya jina la mumewe Anu, kama vile la Dione lilivyojengwa juu ya Zeus. Burkert anaona hapa mkono wa Mashariki katika ushairi wa Homer. Nakubaliana naye kuhusu umbo la kisa. Ila kisa hakiwezi kueleza vibao vya Dodona, wala sanamu, wala sarafu. Mshairi aliyehitaji mama wa kumpokea Aphrodite, tena mama aliyeoana na Zeus hata kwa jina, alikuwa naye tayari kaskazini-magharibi, akiabudiwa. Alimchukua Dione kwa sababu alikuwepo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Dione alikuwa mungu wa Dodona, mke wa Zeus wa hapo. Homer alimpa mtoto. Hesiod, aliyekwisha kumzalisha Aphrodite kutoka baharini, hakuwa na kazi ya kumpa, akamhifadhi kati ya mabinti wa Okeanos, ingawa mwanzo wa shairi lake bado unakumbuka cheo chake. Aliyemwingiza miongoni mwa Watitani alitaka kumrudishia hadhi: hakuona mama wa Aphrodite akikaa na mabinti wa mito, akampandisha kizazi cha Rhea na Themis. Binti wa Atlas, mke wa Tantalus, ndiye pekee ninayekubali kwamba huenda ni mtu mwingine, maana huyo ana mume wake, watoto wake na nchi yake, na hakuna mahali anapotajwa kuwa mke wa Zeus. Dione wa Filo ni mungu wa Byblos aliyevikwa jina la Kigiriki ili wasomaji wa Kigiriki wamwelewe.

Warumi walimpenda kwa sababu zao. Ukoo wa Julius Caesar ulijinasibisha na Venus kupitia Aeneas, kwa hiyo Dione akawa bibi wa watawala, na mshairi Vergil anapoitaja nyota ya Caesar anampa Caesar sifa inayotokana na jina la Dione. Mshairi mwenzake Ovid yeye hutumia jina Dione kumwita Venus mwenyewe, mama akamezwa na mtoto. Huko angani jina limepewa mojawapo ya miezi ya Zohali, uliogunduliwa na Giovanni Domenico Cassini mwaka 1684. Nalo limetoka kwenye nasaba, maana John Herschel alipopendekeza majina ya miezi hiyo mwaka 1847 aliwachagua Watitani na jamaa zao.

Wanaoandaa vitabu vya hadithi za Kigiriki kwa Kiswahili, na walimu wanaochora ubaoni ule mti wa ukoo wa miungu, nawaomba jambo moja. Msichore mstari mmoja kutoka kwa Dione kwenda kwa baba mmoja kana kwamba suala limekwisha. Andikeni kando ya kila mstari jina la aliyeusema na karne aliyoishi. Na kabla ya mistari yote hiyo, andikeni kwamba watu wa Dodona walimwabudu kando ya Zeus, maana huo ndio ushahidi ulioandikwa kwa mikono ya watu waliomwomba.